Lamassi anadai fedha yake

Miaka karibu 3,900 iliyopita, katika mji wa Assur ukingoni mwa mto Tigris, katika Iraq ya leo, mwanamke mmoja alichoka kusemwa. Mumewe alikuwa ng'ambo ya milima, mwendo wa wiki sita kwa punda, na barua zake zilikuja na lawama ile ile: vitambaa unavyoleta si vizuri. Mwanamke akamjibu kwa mwandiko wa kikabari, juu ya kibao cha udongo kinachoenea kiganjani. Ni nani huyo, akauliza, anayekaa nyumbani kwako na kuvitia kasoro vitambaa vyangu kila vinapofika? Mimi huku najitahidi kuvifuma na kukutumia, ili kila safari nyumba yako ipate walau shekeli 10 za fedha.

Jina lake ni Lamassi, na mumewe ni Pushu-ken, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Assur waliokwenda kuweka makao Kanesh, mji ambao magofu yake leo yako Kültepe, karibu na Kayseri nchini Uturuki. Shekeli moja ni gramu 8 na kidogo, basi shekeli 10 ni kama gramu 83 za fedha. Nimeitaja hesabu hiyo mapema kwa sababu Lamassi mwenyewe ndivyo alivyofanya. Kazi yake ilipobezwa, alitaja kiasi.

Sisi tukizungumzia wanawake wa kale huanzia ikulu. Hatshepsut aliyetawala Misri, Nefertiti mwenye shingo ndefu, Cleopatra na Warumi wake, Malkia wa Sheba na Nabii Suleimani. Waliobaki, mamilioni kwa mamilioni, huwafunga katika sentensi moja ya kitabu cha historia: wanawake walibaki nyumbani wakilea watoto, wakipika na kufuma nguo. Sentensi ikishasomwa, somo linahamia kwenye vita na wafalme. Ninachodai katika makala hii ni kwamba hilo neno "kufuma", tunalolipita mbio namna ile, lilibeba sehemu kubwa ya biashara ya mji kama Assur. Kwamba wanawake wenyewe walilijua hilo. Na kwamba walidai haki yake kwa maandishi.

Ushahidi umetoka ardhini. Kwa miaka mingi vibao vya udongo vya aina hii vilikuwa mikononi mwa wauzaji wa vitu vya kale, wataalamu wakivitafuta vinakochimbwa bila mafanikio, hadi mwaka 1925 Bedřich Hrozný, mtaalamu wa Kicheki, alipopapata mahali penyewe chini ya kilima cha Kültepe. Kuanzia 1948 Mturuki Tahsin Özgüç aliongoza uchimbaji hapo hadi alipofariki mwaka 2005. Vibao vilivyopatikana sasa vinapita 22,000, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Vingi ni vya karne ya 19 KK, vizazi viwili hivi vya watu. Moto ndio uliovitunza: mtaa wa wafanyabiashara uliteketea karibu mwaka 1835 KK, na nyaraka zilizokuwa ndani ya nyumba zikafukiwa papo hapo chini ya vifusi.

Sasa tazama bahati ilivyogeuka. Nyaraka hizo ni za nyumba za wanaume waliokuwa Kanesh, na mtu huweka barua alizopokea. Walizopokea wake zao zilibaki Assur, na kwa sehemu kubwa hazijapatikana. Kwa hiyo katika majibizano ya mume na mke, anayesikika zaidi ni mke. Ni kama kukaa kwenye daladala karibu na mtu anayeongea na simu: ya upande wa pili unayakisia kwa jinsi huyu anavyopandisha sauti. Historia imezoea kutupa kinyume chake, mume akisimulia na mke akitajwa kwa mbali, na ndiyo maana naona vibao hivi vina thamani kuliko dhahabu yoyote iliyotolewa kaburini.

Biashara yenyewe ni rahisi kuieleza. Assur haikuwa na migodi. Ilinunua bati kutoka mashariki, madini yanayochanganywa na shaba kupata bronzi, ikaongeza vitambaa vya sufu, ikapakia punda na kupeleka Anatolia, yaani Uturuki ya leo, karibu kilomita 1,000. Vilivyorudi ni fedha na dhahabu. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwani kwetu fedha ni madini na fedha ni pesa, na katika Kiakadi, lugha waliyoandika watu hawa, neno kaspum lilikuwa vivyo hivyo. Sarafu hazikuwapo. Walikata vipande vya fedha na kuvipima mizanini. Lamassi akisema fedha yangu, anasema yote mawili kwa pamoja.

Baadhi ya vitambaa vilinunuliwa kutoka kusini, upande wa Babuloni. Vingine vilifumwa majumbani Assur na wake, dada, binti na wajakazi wa wafanyabiashara. Ukitaka kujua hiyo ilikuwa kazi ya namna gani, isome barua ambayo mfanyabiashara aitwaye Puzur-Assur alimwandikia mwanamke aitwaye Waqqurtum. Kitambaa chembamba ulichonitumia, anasema, tengeneza vingine kama hicho. Kila kimoja kiongezee mina moja ya sufu, yaani karibu nusu kilo, ila kibaki chembamba. Kishindiliwe vizuri. Upande mmoja uchanwe, usikatwe manyoya. Kikikamilika kiwe na urefu wa dhiraa 9 na upana wa dhiraa 8.

Dhiraa ni kama nusu mita. Basi kitambaa kimoja ni mita 4.5 kwa 4, mita za mraba 18. Kipande kimoja cha kanga hakifiki mita za mraba 2. Kitambaa cha Waqqurtum kingetoa vipande kumi na ushei. Na hilo agizo la kuongeza sufu bila kuongeza unene, mwenye kujua kufuma atalielewa mara moja: uzi usokotwe mwembamba zaidi, uwe mwingi zaidi, mshindio ubanwe zaidi juu ya mtande. Anayeagiza ameandika mstari mmoja. Anayetekeleza ameongezewa siku nyingi. Sufu iliyotoka kwa kondoo ilikuwa chafu na yenye mafuta. Ilioshwa, ikachambuliwa, ikachanwa, kisha ikasokotwa uzi kwa mkono, kwa kijiti chenye kigurudumu kidogo cha uzito mwishoni. Kusokota ndiko kulikokula muda kuliko kufuma kwenyewe. Mashine haikuwapo popote duniani. Kila nyuzi iliyopanda mgongo wa punda ilikuwa imepita kwanza katikati ya vidole vya mwanamke.

Bibi yangu alikuwa msusi wa ukili. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasuka kwa sababu amekaa, kwamba vidole vyake vinataka kitu cha kushika wakati anapiga soga na majirani. Miyaa ilikuwa imekwisha kuanikwa, kuchanwa, kutiwa rangi na kuanikwa tena kabla mimi sijaamka. Siku moja mnunuzi alikuja kuchukua mikeka. Aliikunjua chini, akazunguka huku na huku, akasema mishono imepinda, akalipa pungufu ya walivyopatana. Bibi hakusema neno. Miaka kadhaa baadaye alipopita karani wa sensa na kuuliza kazi yake, mtu mwingine wa nyumbani akamjibia: huyu hana kazi, yupo tu. Karani akaandika. Nami nilikuwapo, nikaona ni sawa, kwa kuwa hata mimi nilikuwa naamini hivyo. Leo nikimsoma Lamassi anauliza ni nani huyo anayevitia kasoro vitambaa vyangu, namsikia bibi akilisema lile alilolimeza.

Barua nyingine ya Lamassi inanigusa hata zaidi. Inaonekana mumewe alilalamika tena, safari hii kwamba vitambaa ni vidogo. Lamassi anamrudishia maneno yake mwenyewe: si wewe uliyetaka nivipunguze? Sasa unaandika tena niongeze nusu mina ya sufu katika kila kimoja. Haya, nimeongeza. Na alipochelewa kutuma mzigo alieleza sababu waziwazi: msichana amekua, amelazimika kumfumia vitambaa viwili vizito vya gari la kukokotwa, tena amewafumia watu wa nyumbani na watoto, ndiyo maana vya kuuza havikutosha. Hapa nyumba nzima inaonekana. Mikono ile ile inawavisha watoto, inamwandaa binti, na inatengeneza bidhaa ya kwenda nchi nyingine, na mwenye mikono hiyo anajua kipi kimeupunguza kipi. Mpangaji wa uzalishaji katika kiwanda chochote angeandika ripoti ya namna hiyo hiyo.

Alijua pia mambo ya kodi. Sufu mjini imepanda bei, anamwambia mumewe. Utakaponitumia mina ya fedha, iweke katikati ya sufu. Kila mtu anayepitisha mzigo mpakani anaelewa kwa nini. Pushu-ken naye hakuwa mgeni katika mambo hayo: barua moja inaeleza kwamba mzigo wa magendo ulionaswa ukielekea kwake ulimfanya akamatwe na watu wa ikulu na kutiwa gerezani. Na kuna swali ambalo Lamassi aliliuliza, nalo lingeweza kuandikwa leo na mke yeyote ambaye mumewe yuko ughaibuni. Tangu uondoke, alisema, Shalim-ahum amekwisha kujenga nyumba mara mbili. Sisi tutajenga lini?

Lakini asidhani mtu kwamba wote walikuwa wakijibizana kutoka kwenye neema. Taram-Kubi, mke wa Innaya, aliandika kutoka Assur wakati wa njaa. Mumewe alikuwa amemlaumu kwa ubadhirifu. Jibu lake ni kali kuliko yote niliyoyasoma katika barua hizi. Ulipoondoka, anasema, hukuniachia fedha, hata shekeli moja. Uliikomba nyumba ukaenda na vyote. Njaa kali imeupiga mji, na wewe hukuacha shayiri hata kibaba. Kila siku nanunua cha kula. Huo ubadhirifu unaouandika uko wapi? Kisha anarudi kwenye hesabu, kama Lamassi: nitumie fedha inayolingana na bei ya vitambaa vyangu, ninunue shayiri.

Bei ya vitambaa vyangu. Maneno haya yanarudi tena na tena katika barua za wanawake wa Assur, na hayana maana ya posho ya mume wala zawadi. Mwanamke alifuma, mumewe au ndugu yake aliuza Anatolia, na fedha iliyopatikana ilitakiwa kurudi kwa mwanamke kama malipo yake. Kwa fedha hiyo alinunua sufu nyingine, alilisha nyumba, na kilichobaki kilikuwa chake. Ndiyo maana nakataa tunaposema wanawake hawa "waliwasaidia waume zao" katika biashara. Msaada hauna bei iliyoandikwa. Msaada haudaiwi kwa barua inayokwenda wiki sita. Hawa walikuwa wazalishaji, na waume walikuwa mawakala wao wa kuuzia, hata kama sheria na mila zilimweka mume juu.

Walikuwa na mamlaka ya namna nyingine pia. Wanawake wawili wa familia ya mfanyabiashara Imdi-ilum walimwandikia kwamba wamekwenda kwa wanawake waaguzi, wakauliza hata mizimu, na mungu Assur anamwonya: wewe unapenda fedha, unauchukia uhai wako. Rudi mjini. Ni onyo la kidini, lakini lisome kama dada anayemwambia kaka yake ukweli ambao wenzake wa biashara hawathubutu kuusema. Na Ahaha, binti wa Lamassi na Pushu-ken aliyewekwa wakfu kwa mungu, baada ya baba yake kufariki aliwabana kaka zake kwa barua kuhusu fedha iliyokuwa haki yake. Ukali wa mama ulikuwa umerithiwa.

Wapo watakaosoma haya wakafurahi upesi: kumbe zamani wanawake walikuwa huru! Naielewa furaha hiyo, maana tumechoka kuambiwa kwamba mwanamke wa kale alikuwa kiumbe bubu. Kwa nusu ya kwanza ya furaha hiyo nina ushahidi wa kuwapa. Tunao mkataba wa ndoa ya Laqipum na Hatala, binti wa Enishru. Laqipum akimwacha Hatala atalipa mina 5 za fedha. Hatala akimwacha Laqipum, naye atalipa mina 5. Ni kama kilo mbili na nusu, sawa kwa sawa, mke na mume. Laqipum haruhusiwi kuoa mke mwingine katika nchi ile, yaani Anatolia; mjini Assur anaruhusiwa kuoa mwanamke wa hekalu. Wafanyabiashara wengi waliishi hivyo, mke mmoja Assur na mwingine Anatolia, kwa sharti kwamba wawili hao wasiwe na hadhi moja. Mila hiyo ilikuwa na ubana wake, lakini ilikuwa na kipimo, na kipimo cha talaka hakikuegemea upande.

Ila mkataba huo huo una kifungu kingine. Iwapo miaka miwili itapita bila Hatala kumpatia mumewe mtoto, Hatala mwenyewe atanunua mjakazi. Mjakazi akishazaa, anaweza kuuzwa popote. Ndivyo ilivyoandikwa, juu ya kibao kile kile, mistari michache kutoka zile mina 5 za usawa. Mwanamke mmoja anahesabiwa haki yake kwa shekeli, na mwingine, katika pumzi hiyo hiyo, ni kitu cha kununuliwa, kuzalishwa na kuuzwa baada ya kutenganishwa na mtoto wake.

Ukishakiona kifungu hicho, huwezi kuzisoma tena barua za Lamassi na Taram-Kubi kwa utulivu ule wa kwanza. Nyumba zile zilizofuma zilikuwa na wajakazi, na mikono yao imo katika vile vitambaa vya mita 18 za mraba. Katika barua ya Taram-Kubi kuna sehemu isiyonukuliwa sana: mtu mwenye madai juu ya mumewe alivamia nyumba na kuwachukua wajakazi rehani, na Taram-Kubi akalazimika kutoa theluthi mbili za mina ya fedha ili anyamaze hadi mumewe arudi. Tunaisoma kama habari ya mke jasiri aliyeachwa peke yake na wadai, na kweli alikuwa jasiri. Lakini kuna wanawake wengine katika tukio hilo, wale waliotolewa nje ya mlango. Wanaitwa wajakazi tu. Hakuna barua kutoka kwao, na "bei ya vitambaa vyangu" ni maneno ambayo wao hawangeweza kuyaandika.

Kwa hiyo nikiulizwa hali ya wanawake wa kale ilikuwaje, siwezi kujibu kwa neno moja la uhuru au la dhuluma, na simwamini anayeweza. Katika nyumba moja, siku moja, kwenye sufu ile ile, walikuwapo wanawake wa aina mbili. Nchi yangu mwenyewe imejaa nyumba ambazo mama ana duka au mradi wake na anaujua mtaji wake hadi senti ya mwisho, na jikoni kuna binti kutoka kijijini ambaye mshahara wake unasemwa kwamba atapewa mwisho wa mwaka. Mara nyingi tunaandika juu ya mafanikio ya yule mama, na ni haki yake. Msichana wa jikoni hatumuulizi.

Barua za Assur zilifungwa ndani ya bahasha ya udongo, na muhuri ukapigwa juu. Aliyepokea aliivunja bahasha kama gamba la yai ndipo akasoma. Nyingine hazikuvunjwa, na zimekaa hivyo kwenye makumbusho, kwa kuwa kuifikia barua kungemaanisha kuiharibu bahasha na muhuri wake. Sasa watafiti wa Chuo Kikuu cha Hamburg wametengeneza mashine ya eksirei inayoweza kusafirishwa hadi vibao vilipo na kuonyesha maandishi ya ndani bila kuigusa bahasha. Imekwisha kupelekwa Louvre, Paris, na katika makumbusho ya Ankara, ambako viko vibao vingi vya Kanesh. Miongoni mwa wanaoiongoza kazi hiyo ni Mfaransa Cécile Michel, ambaye ametumia miaka mingi kukusanya na kutafsiri barua za wanawake hawa. Mzigo uliwasili, punda akafunguliwa, barua ikawekwa na nyingine, na aliyeandikiwa hakuivunja. Huenda ndani yake yumo mwanamke mwingine aliyetaja kiasi.